Mvua Juu ya Chumba cha Saida

Alhamisi, 3 Desemba 1970

Leo Bwana Stefano wa ofisi ya mambo ya kale ameniletea msaidizi ambaye sikumwomba.

Amekuja naye kwa gari la ofisi kutoka Mtwara mpaka hapa Mikindani, akamteremsha mbele ya baraza. "Bi Fatuma," akasema, "huyu ni ndugu Carlota. Ni mkimbizi wa ng'ambo ya Ruvuma, lakini ana mkono mzuri na vitu. Nyumba itafunguliwa kwa wageni mvua zikiisha. Peke yako hutaweza."

Peke yangu nimeweza miaka yote. Nimeweza tangu nyumba hii ilipokuwa mali ya Bibi Mwanakombo, kabla hajaikabidhi serikali kwa sharti la kuachiwa chumba chake cha chini mpaka afe. Nilikuwa mtumishi wake, nikageuka mtumishi wa serikali bila hata kuhama jikoni. Vitu vyote alivyoacha baba yake, tajiri wa sandarusi, vimepita mikononi mwangu: sahani za Kichina zilizo kwenye zidaka za kuta, kitanda cha besera chenye nguzo na pazia, saa ya ukutani isiyotembea, masanduku ya njumu yaliyonakshiwa kwa shaba, mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi. Najua upande gani wa roshani unaingiza maji na dirisha gani halitakiwi kufunguliwa pepo za kusi zikivuma.

Carlota ni kijana bado, mrefu, ana nembo za Kimakonde usoni. Nyumbani kwake sasa ni Likombe, pembeni mwa Mtwara, anakaa na mama yake na binti mdogo. Mumewe yuko vitani. Kiswahili chake kina mashaka, "kulala" na "kurara" kwake ni mamoja. Amenisalimu kwa kupiga goti. Sikupenda. Mtu anayepiga goti siku ya kwanza anataka kitu.

Ijumaa, 4 Desemba

Joto. Nimemwonyesha vyumba vyote isipokuwa cha marehemu Saida.

Jumatano, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Watu wote wamekwenda Mtwara kwenye gwaride. Nimebaki na Bibi, tumekula wali wa nazi na kisamvu. Siku nzuri.

Jumamosi, 12 Desemba

Lazima niandike hili vizuri, maana tangu asubuhi linanizunguka kichwani.

Nilipoingia nyumba hii nilikuwa msichana, na Saida, mtoto pekee wa Bibi, alikuwa amekufa kwa uzazi mwaka mmoja nyuma. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nafagia ua huku naimba, kama msichana yeyote. Bibi akatoka chumbani, macho mekundu. "We binti. Katika nyumba hii hakuimbwi." Nikanyamaza, na nimenyamaza mpaka leo. Sijaimba nikifua wala nikipika. Hata nilipoolewa, na nilipoachwa nikarudi, sikuimba.

Leo Carlota alikuwa juu akifuta sahani za zidaka, akaanza kuimba kwa pumzi, kwa Kimakonde. Nilikuwa chini na Bibi, namkanda miguu. Nikangoja. Kusema kweli nilingoja kwa furaha. Bibi ana mtoto wa jicho, haoni ila vivuli, lakini masikio yake ni ya paka.

Akainua kichwa. "Nani huyo?"

"Ni yule mfanyakazi mpya, Bibi. Nitamwambia anyamaze."

"Mlete."

Nikamwita. Carlota akashuka na kitambaa chake mkononi, akapiga goti kama kawaida yake. Bibi akamshika uso, akampapasa paji na mashavu, juu ya zile nembo, kama anayesoma. "Endelea," akamwambia.

"Niendelee na nini, Bibi?"

"Kuimba, mwanangu. Endelea kuimba."

Mwanangu! Mimi nilikuwa nimemshika mguu wake, mafuta yananitiririka vidoleni.

Jumatatu, 14 Desemba

Mvua ya kwanza. Roshani imevuja palepale nilipomwambia Bwana Stefano kwamba itavuja.

Jumapili, 20 Desemba

Bibi anataka uji wa Carlota, ule wa mtama na karanga. Uji wangu umekuwa mzito, eti. Umekuwa mzito leo, baada ya miaka yote hii.

Nimesugua vitasa vya mlango mkubwa mpaka vidole vimechubuka.

Jumapili, 27 Desemba

Carlota hayupo tangu Alhamisi kwa ajili ya Krismasi yao. Nilidhani nitapumzika. Bibi ameuliza, "Hajarudi?" Alipoamka ameuliza, akila ameuliza, akitawadha ameuliza. Nikamwambia kwa ukali kidogo: "Bibi, yule ana watu wake."

Akasema, "Na sisi je, si watu wake?"

Nikatoka nikaenda kuwapa kuku chakula ambacho walikwisha kula.

Jumatano, 6 Januari 1971

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Koga imeanza kwenye majuzuu ya msahafu na kwenye nguo za sanduku la juu. Tumeanika ndani, kamba ukumbi mzima, tukafukiza udi na kuweka majani makavu ya mwarobaini katikati ya mikunjo ili nondo wasiingie. Carlota hufanya kazi vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Hakokoti kitu, hukiinua kwanza. Hashiki fedha kwa kidole kitupu. Ningemfundisha mimi ningejivunia, lakini amekuja akiwa anajua, kwa hiyo hakuna cha kujivunia.

Alasiri Bibi akataka sanduku la njumu lililo katika chumba cha Saida. Nikamwambia chumba kile kimejaa unyevu. Akasema, "Mwambie Carlota alilete." Wakalileta wote wawili, yaani Carlota alibeba na Bibi akafuata ameshika ukuta. Ndani mna vitu vya arusi ya Saida: bangili za fedha, mkufu, mitali ya miguuni, kitana cha pembe. Vitu hivyo viko chini ya mamlaka ya serikali, tumevisainia.

Bibi akachukua bangili, akatafuta mkono wa Carlota, akamvisha.

"Zimekaa bure muda mrefu, Saida," akasema.

Carlota akanitazama. Nikageuza uso. Alipoinua mkono zikalia, na Bibi akacheka. Sijawahi kumsikia Bibi akicheka hivyo, kicheko cha msichana. Niliingia jikoni nikakaa chini, mgongo kwenye mtungi.

Ijumaa, 8 Januari

Mvua. Bangili tena.

Jumamosi, 9 Januari

Mvua. Bangili na mkufu.

Alhamisi, 14 Januari

Nimejiuliza kwa nini inaniuma hivi. Sina mtoto. Mume nilikuwa naye miezi michache, Bakari, seremala wa hapa Mikindani. Akaniambia, "Wewe umeolewa na ile nyumba," akaniacha, na hakukosea. Usiku wa homa ya Bibi nilikuwa mimi. Alipong'olewa jino bovu, mimi. Serikali ilipokuja na makaratasi yake akashindwa kusaini kwa kutetemeka, mimi ndiye niliyemshika kiwiko. Kwake mimi ni "Fatuma", au "we Fatuma", na akikasirika ni "huyu". Sikuwahi kulilia neno lingine kwa sababu sikujua kwamba neno lingine lipo kinywani mwake. Nilidhani lilizikwa na Saida.

Kumbe lilikuwa limewekwa tu.

Jumatatu, 25 Januari

Leo nimemwambia Carlota, wakati tukitandaza mikeka: "Zile bangili ni mali ya serikali. Unajua?"

"Najua, dada."

"Sasa mbona unazivaa?"

"Bibi ananivisha. Nikikataa analia."

"Na akishakuvisha zinakwenda wapi?"

Akainuka, akaniangalia kwa utaratibu. "Zinarudi sandukuni, dada. Ulidhani zinakwenda wapi?"

Ufunguo wa sanduku ninao, umo kwenye kishada changu kiunoni, na Carlota huuazima kila Bibi anapotaka vitu. Ningeweza kupanda ngazi nikafungua nikatazama. Sikupanda. Naona haya kuandika kwa nini: niliogopa kuzikuta.

Jumapili, 7 Februari

Idd el Hajj. Nilichinjisha jogoo wawili, nikapika pilau, nikafukiza nyumba, nikamwogesha Bibi na kumvalisha kanzu yake ya hariri iliyofifia. Carlota, Mkristo, hakuwa na lazima ya kuja. Alikuja na binti yake Lucinda, na embe kwenye kapu.

Bibi akawakalisha kitandani kwake, kitanda cha besera, ambacho hata mimi nikitandika hutandika nikiwa nimesimama. Akamwomba Carlota avae vitu vyote: bangili, mkufu, mitali. Akamkumbatia yule mtoto akamwita mjukuu. Majirani wawili waliokuja kutoa mkono wa Idd wakamwona hivyo, wakatazamana. Kisha Bibi akasema mbele yao wote:

"We Fatuma, mletee mwanangu maji ya kunawa."

Nikaleta. Nilishika birika, nikammwagia maji mikononi, yeye na fedha zote zile. Carlota alinong'ona, "Samahani, dada." Hiyo samahani ndiyo iliyonimaliza. Laiti angejivuna.

Jumanne, 9 Februari

Nimekwenda Mtwara ofisini. Nimesema.

Nilimwambia Bwana Stefano kwamba Carlota anachukua vitu vya Saida, na kwamba majirani wameona. Akauliza, "Una hakika, Bi Fatuma?" Nikasema nina hakika.

Alhamisi, 11 Februari

Bwana Stefano alifika mapema na mgambo mmoja, wakakaa barazani. Mvua ilikuwa imekatika, jua likitoka matope yote yanafuka mvuke. Watu wakiona mgambo husogea, kwa hiyo Carlota alipokuja na kapu lake kichwani alikuta mlango umejaa watu.

"Ndugu Carlota, teremsha kapu," akasema Bwana Stefano. Hakumtazama usoni.

Mgambo akalimwaga barazani. Vikatoka muhogo wa kuchemsha kwenye jani la mgomba, kanga ya akiba, rozari, na chupa ya dawa ya kifua ya Lucinda, ikabingirika mpaka miguuni kwa mwenye duka wa jirani, naye akairudisha kwa kuisukuma kwa kiatu. Mgambo akamwambia Carlota afungue pindo la kanga. Akafungua. Akamwambia avue kilemba. Akavua. Nywele zake zilikuwa hazijasukwa, akaziweka mkono juu kuzificha. Kati ya yote yaliyotendeka leo, mkono ule ndio ninaouona mpaka sasa.

"Hakuna kitu, bwana," mgambo akasema.

Tukapanda juu, chumba cha Saida. "Fungua, Bi Fatuma." Nikafungua sanduku. Vitu vyote vilikuwemo. Bangili, mkufu, mitali, kitana, kila kimoja kimefungwa kwenye kitambaa cheupe kilichofuliwa, na fedha yenyewe imesuguliwa inang'aa kuliko nilivyoiacha mimi.

Bwana Stefano akakohoa. "Ndugu Carlota, utaelewa. Ofisi ina utaratibu wake."

"Ofisi imenivua kilemba mbele ya watu," Carlota akasema. "Nataka kujua kwa kinywa cha nani."

Chini Bibi alikuwa ameshasikia kelele, anaita: "Saida! Saida mwanangu, wanakufanya nini huko?"

Carlota akanigeukia. Hakukasirika, kama nilivyotaka akasirike. "Nimeshajua," akasema.

Akashuka, akaokota muhogo wake uliojaa mchanga, akautia kapuni pamoja na vingine vyote. Bibi akaita tena. Ilikuwa mara ya kwanza Bibi kumwita asimwitikie. Akashika njia ya Likombe, kilemba mkononi.

Ijumaa, 12 Februari

Bibi hakula.

Jumamosi, 13 Februari

Hakula. Nimepika ule uji wa mtama na karanga. Ameuonja akasema, "Huu si wake," akageukia ukutani.

Jumanne, 16 Februari

Mvua. Nyumba ni yangu tena. Nimezunguka vyumba vyote. Hakuna aliyehamisha kitu, hakuna wimbo, hakuna kilichobadilika. Hivi ndivyo nilivyotaka.

Jumatano, 24 Februari

Bwana Stefano alikuja kuangalia paa. Bati la pembe ya kaskazini, juu ya chumba cha Saida, limeanza kuinuka. Atamtuma fundi. Nilipokuwa namkunjia mwavuli akasema, kama mtu anayetaja bei ya chumvi:

"Yule mwenzako anahamishwa."

"Nani?"

"Carlota. Kibali chake cha kukaa mjini kilikuwa cha kazi hii. Hana kazi, na jina lake limeshaingia kwenye mambo ya wizi. Watu wa wakimbizi watampeleka kambini yeye na familia yake. Lori ni wiki ijayo."

"Lakini hakuiba! Uliona mwenyewe."

"Niliona sanduku, Bi Fatuma. Sikuona siku zote nyingine. Wewe ndiye uliyekuwepo siku zote. Kuna la kubadilisha katika maneno yako?"

Nikasema, "Hapana."

Sijui nani alilisema lile hapana. Lilikuwa limeshatoka.

Jumatatu, 1 Machi

Nitaandika yote.

Baada ya swala ya adhuhuri mbingu iligeuka rangi ya masizi. Upepo ukaja kwanza, mkavu, ukafunga milango yenyewe kwa yenyewe. Kisha mvua, si ya matone, ya ndoo. Nikasikia bati la pembe ya kaskazini likipiga, likipiga, halafu likanyamaza, nikajua limekwenda.

Nilipofika juu, maji yalikuwa yakimwagika moja kwa moja ndani ya chumba cha Saida. Chokaa ya ukuta ikibomoka kwa vipande. Nikavuta sanduku la njumu, ni zito, nami sina nguvu za Carlota. Nikalivuta kwa kamba ya kuanikia, nikiteleza, mpaka ukumbini. Nikarudi kwa kioo, nikarudi kwa mikeka ya ukili, nikarudi kwa taa. Nilikuwa naita, "Shika huku!" kabla ya kukumbuka kwamba hakuna mtu wa kushika huku. Boriti moja ikaanguka mahali nilipokuwa nimesimama muda mfupi nyuma.

Kisha nikasikia Bibi. Alikuwa ametoka kitandani, amefika chini ya ngazi, anapapasa ukuta katika giza lile la mchana, gauni limelowa. "Saida! Saida, nyumba inaanguka, uko wapi?"

"Bibi, ni mimi, rudi kitandani!"

"Saida!"

Hakunisikia, au hakumtaka aliyemjibu. Akaweka mguu kwenye ngazi. Ngazi ilikuwa mto wa maji. Nikajua akipanda atakufa. Basi nikasema, kwa sauti ya chini, taratibu, kama alivyokuwa akisema Carlota:

"Naam, mama. Niko hapa."

Akasimama. Nikashuka nikamshika, nikamrudisha kitandani, nikamkausha, nikamfunika. Akaning'ang'ania mkono. Mkono wangu haukuwa na bangili, lakini hakupapasa mpaka huko juu, alishika vidole tu.

"Na Fatuma yuko wapi?" akauliza.

Nikataka kusema, ndiye huyu. "Yuko juu, mama. Anaokoa vitu."

"Asisikie basi." Akanivuta karibu. Pumzi yake ilinuka karafuu, ile ninayompa kwa ajili ya jino. "Nikifa, Saida, usimtoe yule. Watu watakwambia umtoe. Ana kijicho, ananuna, na chai yake chungu. Lakini usimtoe. Nilimwambia asiimbe, na kumbe mtu unaweza kumwambia asiimbe na kweli asiimbe! Miaka yote hii. Mimi ningekimbia. Kila asubuhi namsikia anafagia, najua hajakimbia, ndipo naamka."

Nje radi. Nikauliza, "Kwa nini humwambii mwenyewe, mama?"

"Nimwambie?" Akacheka kidogo, kile kicheko alichozoea kunichekea mimi siku zote, kikavu. "Mtu akishajua anapendwa hupunguza kazi."

Akalala. Nilikaa pale mpaka mvua ilipokuwa manyunyu, mkono wangu mkononi mwake, kwa jina la mtu mwingine. Sikulia pale. Nililia baadaye, nikichota maji ukumbini kwa kata.

Jumatano, 3 Machi

Jana nilimngoja fundi wa bati. Leo nimemwacha Bibi na jirani, nikapata lori la korosho mpaka Mtwara, nikatembea mpaka Likombe.

Nyumba yao ni ya miti na udongo, ua umefagiwa. Carlota na mama yake walikuwa wakimenya muhogo chini ya upenu. Vyombo vyao vilikuwa vimeshafungwa, mafurushi mawili na sufuria. Lucinda alikuwa amekaa juu ya furushi moja, akikohoa.

Mama yake Carlota hajui Kiswahili. Alisema jambo kwa Kimakonde.

"Mama anauliza kama wewe ndiye," Carlota akasema.

"Mwambie ndiye."

Akamwambia. Yule mama akanitazama kitambo, akainuka, akaingia ndani. Nikadhani ameninyima uso. Akatoka na kigoda na bakuli la maji ya kunywa, akaviweka mbele yangu, akarudi kwenye muhogo wake. Hakuna tusi ambalo lingenichoma kama maji yale.

"Umekuja kufanya nini, dada?"

"Nimekuja kukwambia kwamba ni mimi."

"Hilo nalijua."

"Na kwamba nitakwenda ofisini nikaseme."

Akaendelea kumenya. "Unajua kwa nini nilitaka kukaa hapa Likombe? Si kwa sababu ya Bibi yako. Mume wangu Jeronimo alipovuka kurudi vitani nilimwambia, utatukuta Likombe, nyumba ya pembeni karibu na miembe. Kule kambini hatujui. Atakuja hapa atakuta watu wengine." Akatupa ganda. "Wewe ulinionea wivu kwa bangili za marehemu. Mimi sina hata kaburi la kujua kama nimekuwa mjane."

Nikasema, "Sikuonea wivu bangili."

Kwa mara ya kwanza akaacha kisu. "Najua," akasema. "Nilikuwa namsikia Bibi anavyokuita. Nilitaka kumwambia aache. Nikaogopa kazi."

Sikuomba msamaha. Nilikuwa nao kinywani lakini niliona ungekuwa ni kumwomba kitu kingine tena.

Alhamisi, 4 Machi

Ofisini walikuwepo Bwana Stefano na bwana mmoja wa mambo ya wakimbizi, mwenye miwani. Nilisimama. Niliambiwa nikae, nikasimama.

"Nilisema uongo," nikasema.

Yule wa miwani akauliza, "Hukumwona akiiba?"

"Sikumwona akiiba. Nilimwona akipendwa, nikaja hapa nikasema ameiba."

Bwana Stefano akavua saa yake akaanza kuitia ufunguo, jambo alifanyalo akiwa na hasira. Akaniambia kwamba ningeweza kufungwa. Nikasema najua. Akaniambia kwamba angenifukuza leo hii, lakini nani atamwogesha yule mzee? Nikasema sijui. Mwisho akanyoosha mkono. "Funguo."

Nikafungua kishada kiunoni. Nimekivaa muda mrefu mpaka kiuno kina alama yake. Nikakiweka mezani.

"Carlota ndiye atakayezishika. Wewe utafanya usafi, chini yake. Kama akikubali kurudi."

Yule wa miwani akachukua faili, akaandika kitu, akasema familia ile ifutwe kwenye orodha ya lori.

Jumatatu, 8 Machi

Amerudi. Funguo kiunoni kwake zinalia tofauti, anatembea haraka kuliko mimi. Ameniambia maneno matatu: "Lete ngazi ndefu."

Bibi amekula bakuli zima.

Jumanne, 23 Machi

Bati jipya limepigwa. Tumekausha vitu vya Saida kimoja kimoja. Kioo kimepoteza nusu ya uso wake, maji yameingia nyuma. Carlota hazungumzi nami ila kazi. Bibi anamwita mwanangu asubuhi na jioni, na mimi ananiita "huyu" kwa sababu chai ni chungu.

Nilidhani baada ya kusikia yale niliyosikia wivu ungeniacha. Haujaniacha. Wanapocheka chumbani na mimi niko uani, unanipanda kama kiungulia. Tofauti ni kwamba sasa nafagia karibu na dirisha, ufagio usikike.

Jumamosi, 3 Aprili

Manyunyu. Bibi hawezi kuketi. Daktari amekuja, amemtazama, amekunja mfuko wake.

Alhamisi, 15 Aprili

Baada ya alasiri, Bibi Mwanakombo binti Abdallah amefariki dunia. Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Tulikuwepo wote wawili. Carlota alikuwa ameshika mkono, mimi miguu. Hakusema jina la mtu yeyote.

Ijumaa, 16 Aprili

Tumemzika kabla ya swala ya Ijumaa. Ardhi ilikuwa laini, wachimbaji hawakupata taabu.

Asubuhi alikuja mwosha na wanawake wawili wa mtaani, na maji, na sanda, na karafuu maiti. Ndugu zake wa Lindi walikuwa hawajafika. Mwosha akasimama mlangoni mwa chumba, ameshakunja mikono ya gauni. "Nani wa karibu yake? Nataka mtoto wa marehemu aingie nami."

Wale wanawake wa mtaani walikuwepo Idd, walikwisha kuona. Wote wakamgeukia Carlota. Mmoja akaanza kusema, "Alikuwa akimwita huyu, lakini si Mwislamu..."

Mimi nilikuwa nyuma, karibu na mtungi, ambapo watumishi hukaa.

Carlota akawapita wote. Akaja akanishika kiwiko, kwa nguvu, si kwa upole, akanisukuma mbele mpaka kwenye kizingiti. "Huyu hapa," akamwambia mwosha. "Mtoto wake ni huyu."

Mwosha akanipa kata. Nikaingia.

Jioni watu walipopungua nilimkuta uani, anaosha masufuria ya matanga. Nikachuchumaa upande wa pili wa beseni. Nikamwambia ahsante, na nikaanza kusema yale ambayo sikuyasema Likombe.

Akanikatiza. "Bado sijakusamehe, dada Fatuma," akasema, akinipokeza sufuria niisuuze. "Lakini mimi sisemi uongo."